Kwa wadogo zangu wa Bukavu wanaotafuta kibali cha kuishi Ulaya kwa njia ya kampuni

Kila nikirudi nyumbani Nguba nawakuta vijana watatu, wanne, wameketi barazani kwa mama wakinisubiri. Swali lao ni moja: "Yaya, barua ya inkubeta inapatikana wapi?" Wanamaanisha barua ya kukubaliwa na taasisi inayolea kampuni changa. Nami nilianza na swali hilohilo, likanipotezea mwaka mzima.

Kampuni yetu inatengeneza kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya sanduku la barafu la sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Joto likipanda, kinamtumia mwenye sanduku ujumbe kwenye simu. Wazo lilizaliwa soko la Kadutu. Mama mmoja pale alikuwa anabonyeza tumbo la samaki kwa kidole gumba. Likipasuka, anajua beseni lote litauzwa bei ya hasara kabla ya saa sita, kwa sababu umeme wa SNEL ulikatika usiku na barafu ikaisha. Shida ile niliijua vizuri. Lakini dosie yangu ya kwanza ya maombi, kurasa 12, karibu yote ilinizungumzia mimi: shule nilizosoma, tabu nilizopitia, hamu yangu ya kufika Ufaransa. Inkubeta moja ya kule ikanijibu kwa swali moja tu: kwa nini kampuni hii ijengwe huku na si Bukavu?

Sikuwa na jibu. Nililipata baada ya kurudi kwa wale mama na kuwaachia vifaa wavitumie miezi kadhaa. Maji ya barafu yalikuwa yanapenya mpaka kwenye betri. Tulihitaji maabara ya kupima kifuniko, na mhandisi wa kukichora upya. Hapo ndipo dosie ilipopata maana: kazi hii inafanyika kule, wateja hawa wanasubiri hapa, na wavuvi wadogo wa kule nao wana masanduku ya barafu. Kwa hiyo naomba mwanze na daftari la wateja. Andikeni nani alinunua, nani alirudisha, alisema nini.

Sasa milango yenyewe. Ufaransa ilianzisha French Tech Visa mwaka 2017. Mwanzilishi anapata kibali cha mpaka miaka 4, kinachoweza kuongezwa, na mume au mke anaruhusiwa kufanya kazi. Sharti kubwa ni mradi wako utambuliwe na chombo cha serikali kuwa ni wa ubunifu, na uonyeshe una pesa za kujikimu zisizopungua mshahara wa kima cha chini wa mwaka mzima. Wengi wanachanganya na mlango wa pili, wa kuanzisha biashara ya kawaida. Huo unadai uwekezaji wa euro 30,000, pamoja na diploma ya ngazi ya master au uzoefu wa miaka 5. Mtu akikuambia lazima uwe na 30,000, muulize kwanza anazungumzia mlango upi.

Uingereza ilibadilisha utaratibu wake wa visa ya waanzilishi wa kampuni Aprili 2023. Wanataka wazo liwe jipya, liweze kusimama na liweze kukua, na chombo kilichoidhinishwa kikuthibitishe. Kiingereza ni ngazi ya B2, yaani cha kujieleza vizuri, nasi wa Kifaransa tujiandae mapema. Ukienda vizuri, baada ya miaka 3 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Kuhusu Estonia, tafadhali sikilizeni. Ile e-Residency yao, iliyoanza 2014, inakupa kitambulisho cha kufungua na kuendesha kampuni kupitia intaneti. Haikupi visa, wala ruhusa ya kulala hata usiku mmoja Tallinn. Nimeona kijana ameuza pikipiki ya baba yake akidhani amelipia ukaazi. Iliniuma sana.

Na barua za kuuzwa msiziguse. Inkubeta ya kweli itakuhoji, tena zaidi ya mara moja, na atakayejibu ni wewe.

Makaratasi ya hapa yana mitego yake. Pasipoti yangu ilikuwa na jina, postnom (jina la pili la Kikongo) na prénom (jina la kwanza); diploma ilikuwa imeacha postnom. Kulirekebisha hilo kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika mradi wenyewe. Wekeni karatasi zote mezani leo, msome majina herufi kwa herufi. Kampuni iwe na RCCM, yaani usajili rasmi wa biashara, kwa majina ya waanzilishi wenyewe, si ya mjomba aliyetoa pesa ya kwanza, na hisa za kila mmoja ziandikwe mbele ya notari mkiwa bado mnapendana. Mwenzangu mmoja aliondoka katikati ya safari. Karatasi ile ndiyo iliyookoa urafiki wetu.

Nitakuwa nyumbani tena likizo ijayo. Mkija barazani, njooni na lile daftari. Tutalisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa, na mama ameahidi chai.