Mtoto wa Mwenzangu Analia, Maziwa Yangu Yanatoka: Kwa Nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mtoto wa miezi miwili, naye ananyonya maziwa yangu tu. Juzi nikiwa kwenye daladala, mtoto wa abiria mwingine alilia, mara nikahisi matiti yanachomachoma na kanga ikalowa. Lakini wiki iliyotangulia, tulipopata habari za msiba, nilimpakata mwanangu muda mrefu, matiti yamejaa hadi yanauma, na maziwa hayatoki. Mama mkwe anasema maziwa hukaa kichwani. Je, ni kweli, au yameanza kukauka?
Mama anayenyonyesha, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama, na poleni sana kwa msiba. Maziwa yako hayajakauka, na mama mkwe hakukosea sana: maziwa hutengenezwa ndani ya titi, ila amri ya kuyaachilia hutoka kichwani.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Seli zake za neva hutengeneza nyuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi (vijenzi vya protini) ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe. Mmojawapo ni oksitosini, wenye amino asidi 9 tu. Oksitosini husafiri ndani ya nyuzi za neva hadi sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, tezi isiyozidi punje ya njegere, na huhifadhiwa hapo ikisubiri amri. Mtoto anapovuta chuchu, neva za titi huupasha ubongo habari, na oksitosini humwagwa kwenye damu kwa mafungu, si mfululizo. Ikifika kwenye titi, hubana vijiseli vya misuli vilivyozunguka vifuko vya maziwa, na maziwa husukumwa kuelekea kwenye chuchu; huko kubana ndiko ulikokuhisi kama kuchomachoma.

Ubongo hausubiri chuchu iguswe, kwa kuwa umekwisha kujifunza kwamba kilio hufuatwa na kunyonya. Ndiyo maana sauti ya mtoto, hata asiye wako, yatosha kuifungua njia. Kwa upande mwingine, hofu, majonzi na maumivu makali huzuia mafungu hayo ya oksitosini, na adrenalini, homoni ambayo mwili humwaga wakati wa mshtuko, nayo huipunguzia nguvu kule kwenye titi. Hivyo siku ile ya msiba maziwa yalikuwemo, ila hayakusukumwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo akina mama wengi wanaoambiwa siku kama hiyo kwamba wameishiwa maziwa, wakakimbilia chupa, ilhali titi lisilonyonywa ndilo hupunguza utengenezaji wa maziwa.

Bila shaka unakumbuka pia kwamba siku za mwanzo baada ya kujifungua, tumbo lilikuwa likikaza kila mtoto aliposhika titi. Hiyo ni oksitosini ileile, ambayo hukaza mfuko wa uzazi na kupunguza damu inayotoka. Vincent du Vigneaud, mwanakemia wa Marekani, aliitengeneza katika maabara mwaka 1953 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Leo ndiyo sindano ya uniti 10 ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apewe mara baada ya kujifungua. Ndugu yake wa karibu, vasopresini, anatofautiana naye kwa amino asidi 2 tu, lakini kazi yake ni kuziamuru figo zirudishe maji mwilini. Tofauti ndogo kama hiyo kubadili kazi kwa kiasi hicho hunistaajabisha hadi leo.

Hali ile ikijirudia, kaa mahali patulivu, mlaze mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, weka kitambaa chenye joto kwenye titi, na umwombe mtu akusugue mgongo taratibu pande zote mbili za uti wa mgongo. Usimwondoe mtoto mapema, kwani fungu la kwanza la oksitosini laweza kuchelewa. Akikojoa chini ya mara 6 kwa siku, au uzito wake usipoongezeka, mpeleke kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.