Barua kwa mwanangu: kuhusu tundu kwenye moyo wa mtoto aliye tumboni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu huniachii nimalize sentensi. Umeuliza kama damu inayozunguka mwilini mwa huyo mtoto ni damu yako. Halafu muuguzi wa kliniki amekuambia watoto wote walio tumboni wana tundu kwenye moyo, na tangu siku hiyo hulali vizuri. Amesema kweli, ila hakumalizia.

Tuanze na moyo wako wewe. Una vyumba vinne: viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma. Damu iliyokwisha kuzunguka mwilini inarudi upande wa kulia na kusukumwa mapafuni. Huko inaacha hewa chafu na kuchukua oksijeni, kisha inarudi upande wa kushoto, nao unaisukuma kwenye aorta, mshipa mkuu utokao moyoni, iende mwili mzima. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kama lita 5 kwa dakika, karibu sawa na damu yote aliyo nayo.

Mtoto wako hawezi kuutumia mpango huo. Mapafu yake yamejaa majimaji na mishipa iliyomo humo imejibana; kupeleka damu yote huko ni kuuchosha moyo bure. Oksijeni yake anaipata kwenye kondo la nyuma. Hapo damu yako inazunguka nje ya vinyuzi vyembamba ambavyo ndani yake inapita damu ya mtoto. Oksijeni na chakula vinavuka ukuta huo mwembamba kwenda kwake, taka zinavuka kuja kwako, lakini damu zenyewe hazichanganyiki. Ndiyo maana wewe unaweza kuwa kundi O na yeye akawa A. Chembe chache huponyoka, hasa wakati wa kuzaa, na hiyo ndiyo sababu ya kukupima Rhesus, ile alama ya chanya au hasi kwenye kundi la damu. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: damu ni yake, ameitengeneza mwenyewe, na moyo wake umekuwa ukiisukuma tangu wiki ya nne hivi baada ya mimba kutunga.

Kitovu kina mishipa mitatu, ateri mbili na vena moja, na hiyo vena ndiyo inayomletea damu yenye oksijeni. Wanafunzi niliowafundisha wodini walikuwa wanateleza hapo kila mwaka, kwa sababu wamekariri kwamba ateri ni damu safi na vena ni damu chafu. Ateri inatoka moyoni, vena inarudi moyoni. Usafi ni habari nyingine.

Damu hiyo, sehemu yake ikilikwepa ini kwa njia ya mkato, inafika chumba cha juu cha kulia. Sasa lile tundu uliloambiwa na muuguzi. Lipo kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, na damu yenye oksijeni inavuka hapo moja kwa moja kwenda kushoto, inaingia kwenye aorta, na wa kwanza kuipata ni moyo wenyewe na ubongo. Inayobaki kulia inasukumwa kuelekea mapafuni, lakini nyingi yake inachepukia kwenye mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aorta. Kwa hiyo tundu hilo linamlisha mwanao. Ningeogopa kama lisingekuwepo.

Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba hata watu wazima wana vitundu visivyoonekana kwenye ukuta kati ya vyumba vya chini, na watu wakamwamini kwa zaidi ya miaka 1,000. Ibn al-Nafis, tabibu kutoka Damasko aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 13, ndiye aliyeandika kwamba ukuta ule hauna njia na damu lazima ipite mapafuni. Chuoni sisi tulitajiwa tabibu Mwingereza William Harvey na kitabu chake cha 1628 kuhusu mzunguko wa damu tu.

Mtoto akivuta pumzi ya kwanza, mapafu yanafunguka, mishipa yake inalegea na damu inamiminika humo. Ikirudi kwa wingi upande wa kushoto, presha ya kushoto inaipita ya kulia, na utando ulio upande huo unasukumwa kuliziba tundu, kama mlango unaofungwa na upepo. Ule mshipa mfupi nao kwa kawaida hujibana ndani ya siku chache. Kwa karibu mtu 1 kati ya 4 utando haushikani kabisa na ukuta, na wengi wao huzeeka bila kujua. Tundu la moyo ambalo watu husema ni ugonjwa ni jingine: labda ukuta wa vyumba vya chini haukukamilika, au tundu la juu ni kubwa mno. Hayo daktari huyatafuta kwa vipimo, na mengi yanatibika.

Moyo wako nao una kazi. Damu yako inaongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, lakini maji yake yanazidi chembe nyekundu, basi kile kipimo cha chembe nyekundu kinachoitwa wingi wa damu kikishuka kidogo kwenye kadi usishtuke, wala usiache vidonge vya kuongeza damu. Usilale chali: mji wa mimba unakandamiza vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Lala ubavu. Miguu kuvimba jioni ni kawaida, tembea kidogo, vigimbi vikikaza vinaisukuma damu juu. Lakini uso na mikono vikivimba ghafla, au kichwa kikiuma na macho kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usinipigie mimi kwanza.

Na siku ya kujifungua, kama wewe na mtoto mko salama, mwambie mkunga asikimbilie kukata kitovu. Shirika la Afya Duniani linashauri kisikatwe kabla ya dakika 1, maana damu ya mtoto iliyobaki kwenye kondo bado inamwingia.

Msalimie mkwe wangu.

Mama