Kabla hujatandika hilo godoro: maneno kwa wanaokuja kuanza chuo Moshi

Wadogo zangu mnaokuja Moshi kuanza mwaka wa kwanza, karibuni sana. Nawaandikia kama dada yenu niliyelala hosteli miaka miwili na geto (chumba cha kupanga mtaani) mwaka mmoja, na ule mwaka wa pili hosteli nikawa mwakilishi wa bweni bila kupenda. Siku ya uchaguzi nilikuwa stendi nampokea mdogo wangu, narudi nakuta jina langu limebandikwa ukutani, hongera mheshimiwa. Chuo sikitaji, ukikisia nyamaza nacho, maana haya mambo nimeyasimulia kwa wenzangu waliosoma Arusha wakadhani nawasema wao.

Ukifika chumbani, kabla ya kutandika shuka, geuza godoro. Washa tochi ya simu uangalie kwenye mishono, kwenye kona, afu njoo kwenye kitanda cha dabo deka pale mbao zinapokutana na chuma na kwenye matundu ya skrubu. Ukiona vidoti vyeusi kama mtu amechovya chovya kalamu ya wino, hao ni kunguni, na usijidanganye eti chumba kilikaa kitupu likizo nzima kwahiyo wameshakufa. Kunguni mkubwa anakaa miezi hajala na bado yuko fiti anakusubiri wewe na boom lako (hela ya mkopo). Piga picha godoro, piga picha kitasa, dirisha, soketi, kila kilichovunjika, tuma kwa waden (msimamizi wa hosteli) siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu. Mwisho wa mwaka watakuja kukagua na kioo kilichopasuka tangu enzi za kaka zako kitakuwa chako wewe.

Hao kunguni walinifundisha kitu. Muhula wa kwanza wa uongozi wangu walianza chumba kimoja ghorofa ya kwanza, binti wa watu akalia, tukachangishana tukanunua dawa tukapuliza chumba chake, tukajiona mashujaa. Wiki mbili mbele vyumba vya kushoto na kulia vinajikuna, cha juu kinajikuna, na yule binti naye kaanza upya. Ndo tukaja kuelezwa na mzee mmoja mpuliza dawa, kwamba ukipuliza chumba kimoja wengine wanakimbilia kwa majirani kupitia nyufa na mabomba, na mayai dawa nyingi haziyagusi, yanakuja kuanguliwa baada ya kama wiki hivi au siku kumi, kwahiyo lazima upulize tena baada ya wiki mbili, na lazima iwe bweni zima kwa siku moja. Bweni zima! Unajua kazi ya kuwatoa wasichana wote na mablanketi yao nje Jumamosi asubuhi, mwingine ana mtihani Jumatatu, mwingine hataki godoro lake lionekane? Nguo tulizifua kwa maji ya moto, kwa sababu joto la kuanzia nyuzi 50 na kuendelea linawaua wao na mayai yao, zisizofulika tukazifunga kwenye mifuko ya plastiki na kuzianika juani siku nzima. Tukarudia baada ya wiki mbili. Chumba kimoja walikataa kufungua mara ya pili, eti wao hawana wadudu. Sitasema chumba namba ngapi ila mwezi uliofuata tulijua walikotokea.

Sasa maji. Moshi ina sifa ya maji, mlima uko pale juu chemchemi zinashuka, ndo maana mgeni anashangaa sana anapofungua bomba saa 12 asubuhi linakohoa. Bweni letu lilikuwa hivyo mwaka mzima na kila mtu alikuwa na maelezo yake, mara mamlaka wamekata, mara pampu imekufa, mara mlinzi anauza maji (masikini yule baba, alisingiziwa sana). Tuliandika barua, "hali ya maji bwenini ni mbaya sana na inahatarisha afya", saini nyingi, jibu likaja tunalifanyia kazi. Tukaandika nyingine kali zaidi. Tunalifanyia kazi.

Nilinunua daftari la kaunta, jekundu, nikalifunga kamba pale mezani kwa waden, nikachora mistari: tarehe, saa, ghorofa, chumba, tatizo, aliyeandika. Nikawaomba watu wasiandike "maji hakuna jamani", waandike saa ngapi yamekatika na saa ngapi yamerudi. Wiki ya kwanza waliandika utani na namba za simu za wavulana. Wiki ya tatu ukilisoma lile daftari unaona mchezo wote: maji yanakatika kila siku kati ya saa 10 usiku na saa 12 alfajiri, wikiendi hivyo hivyo, hata siku za watu wengi kwenda nyumbani. Sasa saa 10 usiku nani anaoga? Tangi linajaa jioni, watu wanalala, alfajiri liko tupu, maana yake maji yanakwenda mahali tukiwa usingizini.

Vyoo. Fundi wa mtaani tuliyekuwa tunamjua akatuambia tudondoshe rangi ya chakula kwenye sisteni (lile tangi dogo la choo), ile ya kuweka kwenye keki, tukae nusu saa bila mtu kuvuta maji. Tukazunguka usiku na kichupa cha rangi nyekundu kama waganga. Vyoo vinne rangi ikajitokeza yenyewe kwenye sinki la choo, maana yake mpira wa ndani umechakaa na maji yanateremka kimya kimya usiku kucha, hausikii hata mlio. Nikaenda ofisini safari hii bila barua ya huzuni, nikaenda na kurasa za daftari na namba za vyoo vinne. Ofisa akasoma, akaniuliza hivi ni hivi vinne tu? Mipira ikabadilishwa wiki ile ile. Nadhani hata yeye zile barua zetu zilimchosha, mtu akikwambia hali ni mbaya utaanzia wapi kushika spana?

Hapo ndipo nawasisitizia wadogo zangu, ukiwa na shida hosteli ipe namba ya chumba, ipe saa, ipe tarehe. Na kingine kinachonichekesha: mji huu ndio wenye KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa tangu 1933, na Chuo cha Ushirika kilianza hapa hapa 1963, afu sisi kuchangishana mia tano tano ya balbu ya korido ilikuwa ugomvi wa wiki mbili na grupu la WhatsApp likavunjika.

Umeme sasa. Ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, najua utaibeba hata ukikatazwa, kwa sababu Juni mpaka Agosti hapa kuna baridi na mawingu, mlima huuoni wiki nzima, na wewe umetoka Dar au Tanga. Ila zielewe tu. Nyingi zinakula wati 1000 mpaka 2000, vyumba sita wakichovya kwa pamoja saa 12 asubuhi kwenye nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na kuchaji simu, breka inakata, na ikikata hiyo ni nafuu yako, kwa sababu mtu mjanja akiilazimisha isikate ndo waya unachemka ndani ya ukuta. Usichomeke hita kwenye ekstensheni ya elfu tano, na usiishike ndoo kujua kama maji yamepata moto wakati bado iko kwenye soketi. Blanketi zito nenda soko la Memorial kwenye mitumba, utapata zuri kwa hela ya kawaida ukiwa na mdomo wa kubagain.

Kwa mnaokosa nafasi hosteli (na wengi mtakosa), usikubali kubebana muhula mzima kitanda kimoja na mtu, wiki mbili za kutafuta geto sawa, zaidi ya hapo urafiki unaisha na mgongo unaisha. Geto kalione usiku, sio mchana na dalali anayekuharakisha. Usiku ndo unajua kama kuna baa jirani, kama njia ina taa, kama maji yanatoka. Angalia juu kama kuna dari, bati tupu Januari na Februari kwa joto utalala kibarazani. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja yake, mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwahiyo njoo na hela ya nyumbani. Mkopo wa bodi kwa chakula na malazi ulipandishwa mpaka shilingi 10,000 kwa siku, ila unaingia kwa mafungu, na fungu la kwanza huwa lina safari zake.

Kwenye LUKU fungua macho. Nyumba ya wapangaji wanane mita moja, mnachanga elfu mbili mbili, yule mwenye friji na pasi anachanga sawa na wewe mwenye taa moja. Bei nafuu ya TANESCO ya matumizi madogo inaishia yuniti 75 kwa mwezi, mkiwa wanane mnazipita mapema, mnaangukia kwenye bei kubwa ya kama 350 kwa yuniti. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba, sio yako, unaweza kumwomba kwa adabu aipunguze kwenye kodi ya chumba. Mama mwenye nyumba wangu nilimwambia, "Shikamoo mama, naomba tukae tupige hesabu kidogo", akacheka, akakubali, na mkungu wa ndizi akanipa. Mwenzangu alimtumia meseji ya vitisho vya sheria akaambiwa atafute pengine.

Rumeti ongeeni wiki ya kwanza mkiwa bado mnapendana: wageni mwisho saa ngapi, simu usiku inaongelewa wapi, nani kanunua gesi. Ikifika Novemba mshaanza kununiana mtashindwa.

Hilo daftari jekundu bado lipo, juzi nimepita nikaliona, kamba imebadilishwa, la tatu sasa nadhani. Ukikuta kurasa zimeisha, yanauzwa kwa Mangi pale getini, na kalamu nunua mbili kabisa maana moja itaibiwa.