Muuguzi wa simu kwa mama aliyepata kiharusi

Pole, dada. Umeuliza kama muuguzi wa simu ya video atamtosha mama yako, aliyepooza upande wa kulia. Kwa sehemu, ndiyo. Nilimuuguza baba hivyo. Pima presha asubuhi na jioni, uandike. Weka dawa zote mezani kabla ya miadi. Kamera isiishie usoni: mwoneshe akiinuka, akitembea, hata visigino vyake. Kisigino cha baba kilikuwa chekundu, dalili ya kidonda cha kulalia, nami sikuwa nimekiona! Mwache mama ajibu mwenyewe, hata akichelewa. Akikohoa kila anywapo maji, apimwe kumeza ana kwa ana. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usimpigie muuguzi. Ita ambulensi, ukumbuke saa dalili zilipoanza.