Tamasha limevunjika, nidai pesa za tiketi?

Swali: Assalaam alaykum, sheikh. Niko Mombasa. Nilinunua tiketi ya tamasha la muziki la siku mbili, Sh4,500, kwa mkopo wa chama usio na riba. Ijumaa lilifanyika. Jumamosi likavunjwa kwa sababu wenye vyombo hawakulipwa, na watu wakabeba viti na spika kwa hasira. Mwandalizi anasema tiketi imeandikwa "pesa hazirudishwi". Ustadhi mmoja kanambia nisidai, eti pesa ya muziki haina mwenyewe. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Dai haki yako. Hukumu ya muziki unaijua, sitairudia. Kinachonisumbua ni hiyo fatwa uliyopewa, kwani inamwachia dhalimu mali za watu kwa jina la dini. Wasemao hivyo huegemea kauli ya wanazuoni wa kale Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim kuhusu aliyelipia haramu kisha akaistarehea: huyo harudishiwi, asije akakusanya starehe na pesa. Kauli hiyo ni ya aliyekwisha kupata alicholipia. Jumamosi wewe ulipata nini? Na tuseme mkataba wenyewe ni batili: mkataba batili haumpi mwandalizi umiliki, humlazimu arudishe.

Hilo sharti la tiketi linamfunga mnunuzi aliyebadili nia. Halimkingi muuzaji aliyeshindwa kutoa. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Jabir iliyomo Sahih Muslim, alimuuliza muuzaji wa matunda yaliyopigwa na janga: kwa nini uchukue mali ya ndugu yako bila haki? Huko janga halikuletwa na muuzaji. Hapa mtu hakulipa wenye vyombo.

Lakini usidai zote, Ijumaa uliingia. Wala usikate nusu kwa nusu. Katika ijara, yaani mkataba wa kulipia manufaa, wanazuoni wetu wa Kishafii hugawa ujira kwa thamani ya manufaa. Kama tiketi ya Ijumaa pekee iliuzwa Sh2,000 na ya Jumamosi Sh4,000, Jumamosi ni theluthi mbili: dai Sh3,000. Mwandalizi akikupa tiketi ya mwakani badala ya pesa, huna wajibu wa kuipokea, na heri uikatae.

Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala, tiketi, bango lenye majina ya wasanii, na picha ya tangazo la kuvunja kabla halijafutwa. Mwandikie, mpe siku 14. Usitume ujumbe kwa 456, namba ya kuomba pesa za M-Pesa zirudishwe, ukidai ulikosea namba. Wengi hufanya hivyo, na ni uongo. Tena unaharibu ushahidi wako kwamba ulinunua tiketi. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo: husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na si lazima uwe na wakili.

Waliobeba viti na spika warudishe. Vile ni vya waliokodisha, nao pia wanamdai mwandalizi.

Pesa zikirudi, anza na chama. Siku ya kulipa mkopo ikifika kabla ya pesa hizo, mwone mweka hazina mapema, mweleze ukweli bila aibu, omba muda. Usikimbilie mkopo wa simu kuziba pengo. Ule una riba, na chama hakikutozi.