Mashine ya kurusha theluji nyuma ya trekta kwa njia ya changarawe

Ndugu yetu aliyehamia shambani kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ameuliza kama anunue mashine ya kurusha theluji inayofungwa nyuma ya trekta, au aendelee kutumia bamba la kusukumia. Mimi ninaishi jimbo hilohilo na nimetumia vyote viwili. Kwa njia ndefu iliyo wazi kwa upepo kama yake, nashauri mashine. Bamba husogeza theluji pembeni tu, na ikifika Februari kingo zimekuwa kuta, njia imebanwa, na kila upepo ukivuma kuta hizo hunasa theluji inayopeperuka na kuijaza njia upya.

Mashine iwe pana kuliko nafasi inayochukuliwa na matairi ya nyuma. Kwenye trekta nyingi ndogo shafti ya PTO (mhimili wa nyuma ya trekta unaopeleka nguvu ya injini kwenye mashine) huizungusha kwa mizunguko 540 kwa dakika, na ni kasi hiyo inayoipa feni ya ndani nguvu ya kurusha theluji kupitia bomba. Kwa hiyo mzigo ukizidi, punguza mwendo kwa gia ila injini usiipunguze, kwani feni ikilegea theluji yenye majimaji ya mwezi Machi huganda ndani ya bomba na kuliziba.

Likiziba, zima PTO, zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame kabisa, ndipo uzibue kwa kijiti kirefu. Nakusihi, mkono usiingie humo hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu parafujo kubwa inayokusanya theluji, ikiwa imebanwa, inaweza kubaki na mkazo, ikazunguka ghafla pale inapoachiliwa na kukata vidole.

Kuhusu changarawe, theluji ya kwanza usiikwangue hadi chini. Iache ishindiliwe na magari mpaka igande na kuwa tabaka gumu, kisha rekebisha viatu vya chuma vya pembeni, yaani vipande ambavyo mashine huteleza juu yake, ili makali yapite sentimita 2 au 3 juu ya kokoto. Jiwe likiingia, boliti ya usalama hukatika. Boliti hiyo imetengenezwa dhaifu kwa makusudi ili iziokoe gia, kwa hiyo ukiweka ngumu mahali pake utakuja kununua gia. Weka za akiba kwenye trekta pamoja na spana yake. Jiwe lisiponasa hurushwa kwa nguvu, basi bomba lisielekee dirishani wala palipo na watu.

Elekeza bomba kule upepo unakokwenda, la sivyo theluji yote itakurudia usoni. Pale njia inapokutana na barabara kuu, magari ya kaunti ya kuondoa theluji huacha tuta gumu lililochanganyika na barafu. Likate kidogokidogo, nusu ya upana wa mashine kwa mara moja, na uirushe theluji shambani mwako, kwani sheria ya Minnesota inakataza kuiweka kwenye barabara ya umma.

Kwa kuwa utaendesha kinyumenyume huku shingo imegeuka, vigingi vya kuonyesha kingo ni vya lazima, navyo vipigwe mapema, ardhi ikiwa bado haijaganda.