Mpaka haufi, unahama

Mkuu, umeuliza kama jumuiya hizi za kikanda, kama ya Afrika Mashariki, zitatumalizia utaifa wetu. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo mpakani miaka mingi, na jibu langu ni hapana. Ninachokiona ni mpaka kuhama kutoka getini na kuingia kwenye karatasi.

Getini mambo yamekuwa mepesi kweli. Zamani ulimalizana na maofisa wa upande huu, ukavuka, ukaanza foleni upya upande wa pili. Leo kwenye vituo vya pamoja maofisa wa nchi mbili wamekaa jengo moja. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaingiliana kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Lakini angalieni, wadau: kinachokufungulia njia ya jirani ni karatasi inayosema wewe ni wa kwenu. Asiye nayo anakwama zaidi kuliko zamani, na nimeona watu waliozaliwa na kukulia hapo hapo mpakani wakirudishwa kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana kisa cha Wamakonde wa Kenya kinanigusa. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kwenda kufanya kazi mashambani. Wajukuu waliishi bila uraia mpaka walipotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016, ndipo wakaanza kuandikishwa. Tanzania nayo ilishawapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Hapo taifa lenyewe limepanuka, na hakuna mstari wa ramani uliosogezwa.

Halafu geti hurudi upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Ulaya waliondoa ukaguzi wa mipakani kati yao chini ya mkataba wa Schengen mwaka 1995, lakini wakimbizi walipoongezeka 2015, Ujerumani na Austria wakaurudisha.

Kwa hiyo mimi sipimi jumuiya kwa urahisi wa kuvuka, bali kwa anachoruhusiwa mtu akishavuka. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini kila nchi iliorodhesha yenyewe kazi ilizokubali kuwafungulia majirani. Fundi akishavuka bado anahangaikia kibali cha kazi, na wanawe nafasi ya shule. Mwenye uzoefu wa vibali aeleze hapa alivyofanikiwa, maana madereva wananiuliza hilo kila wiki.